Mazoezi ya Kumchagua Kapita

Miaka ya hamsini ilipokuwa ikielekea mwisho, neno uchaguzi lilianza kusikika Goma hata sokoni. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ndogo. Ualimu nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, ndiyo maana niliogopa kukosea kuliko wanafunzi wangu.

Kapita wa darasa, yule anayewapanga wenzake mstari na kuwasemea kwa mwalimu, siku zote aliteuliwa na mwalimu. Mimi nikatangaza kwamba safari hii watamchagua wenyewe, na nikamwalika mkubwa wa shule aje Jumatatu kutazama. Kisha hofu ikanishika. Jumamosi nikawafanyisha mazoezi: vikapu viwili nyuma ya ubao, kimoja kwa kila mgombea, na kila mtoto na haragwe lake, alitie kwa amtakaye bila kuonekana.

Nilitamani ashinde mtoto wa karani, msafi, mtulivu. Akashinda mtoto wa muuza maziwa wa Munigi, bingwa wa kuuliza "kwa nini?" Nikajituliza: ni mazoezi tu.

Jumatatu mkubwa akaketi, nami nikagawa maharagwe. Hakuna aliyesimama.

"Monsieur, tulishachagua," akasema mtoto wa karani mwenyewe.

"Ile ilikuwa mazoezi."

"Sisi tulichagua kweli. Ya leo ni ya nini?"

"Sema, monsieur!" akadakia mmoja wa nyuma. "Ao tuchague mpaka ushinde wewe?"

Darasa likaangua kicheko. Mkubwa alinikazia macho. Ningewaamuru, wangetii, na yote niliyowafundisha juu ya kujiamulia yangeishia hapo.

"Muko na haki," nikasema. "Kapita munaye."

Mkubwa naye akacheka. Mtoto wa muuza maziwa akasimama, akanyoosha shati lake.

"Aksanti, monsieur. Wenzangu wamenituma. Herufi yako ikipinda kidogo, unafuta ubao wote, na sisi hatujamaliza kunakili."

Masikio yalinichoma, kwa maana ilikuwa kweli tupu.

"Wote munasema hivyo?"

"Hapana," akajibu mtoto wa karani. "Mimi naandika mbio. Sina shida."

"Wewe sema yako tu!" wakamzomea, naye akawajibu, ubishi ukawaka benchi hadi benchi. Nikabaki nimesimama na kifutio mkononi, nina furaha isiyo kifani, nikiogopa kuugusa ubao.