Mstari Uliopita Shambani kwa Mama

Mama alikuwa mshonaji wa mikeka, na kazi yangu aliielewa kwa mkeka. Nilikuwa nimerudi Palma kutoka chuo, kijana mwenye shahada na kiburi chake, nimeajiriwa na kampuni iliyokuwa ikipima ardhi kutafuta gesi. Nikamweleza kwamba gari zito linaitingisha ardhi, mtetemo unashuka, unagonga matabaka ya mawe, kisha unarudi juu. Huku juu tunachomeka masikio madogo ya chuma mchangani kuusikiliza. Kompyuta inakusanya yote yaliyosikika na kuyachora, na kwenye kioo unaona matabaka yamelala moja juu ya jingine. Mahali ardhi ilipopasuka zamani na upande mmoja ukateremka, ufa wenyewe huuoni. Unachoona ni matabaka yaliyokatika, ya upande huu hayakutani na ya upande ule.

"Kama mtu aliyeshona ukili vibaya," alisema, "marembo hayakutani."

"Ndivyo hasa, mama."

"Basi miaka yote ile chuoni ilikuwa ya kutazama mkeka mbaya!"

Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Nilimkasirikia, maana siku zile nilikuwa mwepesi wa hasira kwa mtu yeyote asiyenistaajabia. Leo natamani nikisikie kile kicheko hata mara moja.

Shamba letu lilikuwa kusini ya ghuba ya Tungue, na kwenye ramani ya kampuni mstari mmoja wa vipimo ulipita katikati yake. Niliomba mwenyewe nikisimamie kipande kile. Nilitaka watu wa kwetu wanione nimevaa kofia ngumu, vibarua wakiniita chefe, yaani mkubwa. Vibarua walitangulia na mapanga wakifungua njia nyembamba iliyonyooka, pikada, nami nikafuata nyuma nikihesabu vigingi.

Kanuni ilikuwapo, na nilikuwa naijua. Msikiti unazungukwa. Kisima kinazungukwa. Kaburi linazungukwa kwa mbali, hata kama mwenyewe ni wa enzi za mababu na hakuna anayemkumbuka. Kwa hiyo kabla ya panga la kwanza nilisimama shambani nikauliza kwa sauti, mbele ya wanaume wote waliokuja kutazama, kama kuna kaburi mahali pale. Wakajibu hakuna. Mama alikuwa amesimama pembeni na jembe begani, kanga ameifunga kichwani, na hakusema kitu.

Tulipofika kwenye mstafeli uliokuwa katikati ya mihogo ndipo aliposogea.

"Huu mstafeli umekukosea nini?" aliniuliza.

"Mama, mstari haupindi kwa ajili ya stafeli."

Wanaume wakacheka. Nilitaka wacheke. Mti ukaanguka kwa mapanga matatu manne, maana mstafeli si mti mgumu, nami nikaandika kwenye daftari kama nilivyoandika kila mti uliokatwa, nikasonga mbele. Mama alirudi nyumbani bila kumaliza kulima. Sikujiuliza kwa nini.

Baada ya hapo nilihamishiwa ofisini Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, nikakaa mbele ya kioo miaka kadhaa nikichora nyufa. Gesi ilikwisha kupatikana kule baharini, nyingi, na mji mzima ulikuwa unanunua bati na kupaka rangi kuta. Mkubwa wangu alikuwa mama mmoja Mreno, mkali kama pilipili, na nilimwogopa. Vipimo vyetu vilikuwa na mapengo kati ya mstari na mstari, na katika pengo hujui ufa umepita wapi. Mimi nilikuwa naunganisha tu. Naona ufa huku, naona ufa kule, navuta rangi nyekundu kutoka huku hadi kule, na umbo linapendeza. Siku moja akasimama nyuma ya kiti changu akaniuliza ule wa katikati nimeuona wapi.

"Kama hujauona, weka nukta nukta," alisema. "Watu watajenga juu ya mchoro wako."

Nikafuta, nikaweka nukta. Nilinuna siku nzima, lakini nilijua kwamba alikuwa na haki.

Kisha ikaja habari ya kuhama. Ardhi ya kwetu ilitakiwa kwa kiwanda cha gesi, na watu walikuwa wanajengewa nyumba za matofali katika kijiji kipya cha Quitunda. Iliundwa kamati ya kuandika makaburi, ili mifupa ihamishwe pamoja na wenyewe. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu: shehe, wazee wa kitongoji, mtu wa serikali, mtu wa kampuni na simu yake ya kupigia picha. Walipita shamba kwa shamba. Walipofika kwa mama walimuuliza kama ana kaburi lolote. Baba alifia Mtwara alikokwenda kibiashara na akazikwa hukohuko, hilo walilijua. Mama akajibu hana kaburi. Wakaandika hivyo, wakaenda zao.

Wiki ileile akanipigia simu. "Njoo," alisema, "na usiniulize kwenye simu."

Nilimkuta ameketi kitandani. Alinituma nifunge mlango, mchana ule wa joto.

"Mficha uchi hazai," alisema, "na mimi nilikwisha kuzaa. Kabla yako alikuwapo mwingine, mwanangu. Msichana. Kifungua mimba wangu. Hakulia."

Kwetu mtoto aliyezaliwa bila kulia haswaliwi, wala hapewi jina. Wanawake humfunga kitambaa wakamzika wenyewe, na mwanamume haambiwi mahali. Hakuna aibu ndani yake. Ni jambo la wanawake, basi, na mama wa mtoto husema hana kaburi kwa sababu huulizwa na wanaume. Baba aliishi na kufa bila kupajua. Waliomzika yule mtoto walikuwa mkunga na shangazi wawili wa mama, na wote watatu walikwisha kwenda mbele ya haki.

"Tulimpandia mstafeli," alisema.

Na badala ya kumshika mkono mama yangu, nilimfokea. Kwa nini hukusema siku ile? Niliuliza kama kuna kaburi, mama, niliuliza kwa sauti, mstari ungezunguka!

"Ningesemaje mbele ya wanaume wale?" alisema polepole. "Na wewe ulikuwa mmoja wao."

Akaniacha niinamishe kichwa, kisha akasema lile aliloniitia. Siku chache zijazo eneo lile lingezungushiwa uzio. Mti hakuna, na katapila la kampuni lilikwisha kusawazisha shamba ili kuweka mabomba, hata kichuguu alichokuwa anakitumia kama alama hakipo. Hataki kuhamia Quitunda amwache mwanawe peke yake chini ya mashine.

"Wewe si unaona chini ya ardhi? Nitafutie."

Jamani. Nimewahi kusimama mbele ya mabwana wakubwa nikieleza mambo ya kina cha kutisha, na sikubabaika. Mbele ya mama nilibabaika. Nilimweleza kwamba ardhi ya juu kabisa hatuioni. Mtetemo wa huku juu ni vurugu tupu, nyayo za watu, upepo, gari lenyewe, na kabla ya kuchora tunaukata na kuutupa. Picha yetu inaanza chini kuliko kisima chochote. Na hata huko chini, kitu kidogo kuliko nyumba hakionekani.

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mnaona kusiko na watu. Kwenye watu hamwoni."

"Ndiyo, mama."

"Jaribu hivyohivyo."

Nilirudi Pemba nikafungua ule mstari kwenye kompyuta, ingawa nilijua ni upuuzi. Matabaka yalikuwapo, mazuri, yamelala kwa utulivu, na juu yake pale palipokuwa shamba letu palikuwa peupe. Niliutazama ule weupe mpaka machozi yakanitoka. Kilichoweza kunisaidia ni daftari langu la shambani, lakini madaftari yote yalikwisha kupelekwa Maputo ndani ya masanduku. Niliomba. Nikajibiwa nisubiri. Nikaomba tena kwa ukali, nikajibiwa nisubiri kwa ukali vilevile.

Tulipewa asubuhi moja tu ya kuingia. Mama alikuja na wanawake watatu wazee, jembe, na kipande cha bafta nyeupe. Mahali ule mstari ulipopita nilipajua kwa kifaa changu, hilo halikuwa tatizo. Sikujua ni wapi juu ya mstari. Zilikuwa hatua mia mbili za mchanga uliosawazishwa, kila hatua inafanana na mwenzake. Mama alizunguka, akasimama, akazunguka tena, akitafuta kitu cha kumkumbusha. Mlinzi wa kampuni akaniita kwa cheo cha mhandisi: "Engenheiro, muda unakwenda." Mama akageuka akanitazama.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tuchote mchanga kidogo kila baada ya hatua chache, tuombe Mungu akubali. Nimeyafikiria yote hayo baadaye, na yote yalikuwa mazuri. Nilinyoosha kidole.

"Hapa."

"Una hakika?"

"Komputador imeonyesha."

Mlinzi na mimi tuliambiwa tugeuze migongo, maana ni kazi ya wanawake. Nilisikia jembe, kisha nikasikia mama analia. Walikuwa wamepata mzizi. Mama aliunyanyua juu ya bega langu niuone, akisema huu ni mzizi wa mstafeli, mwanangu, huu hapa, Mungu ni mkubwa. Nilinusa. Ulikuwa mzizi wa mkanju, yaani mkorosho. Mtoto yeyote wa kwetu anaijua harufu ya mkanju, na mama aliijua kuliko mimi, lakini siku ile hakutaka kuijua. Walifunga mchanga kwenye bafta, furushi la urefu wa mkono, na akalipakata njia nzima.

Quitunda alimzika kando ya makaburi mengine, na alipomzika akampa jina. Sitaliandika hapa. Majirani walianza kumwambia amenenepa. Akirudi kutoka kwenye kishamba chake kipya alipitia pale, akang'oa majani, akaongea naye habari za siku, bei ya dagaa, mvua, mimi nisiyeoa.

Bahasha kutoka Maputo ilinifikia baada ya miezi mitano. Mwandiko ulikuwa wangu, wa kujidai, herufi zimelala: mstafeli mmoja, umekatwa, na namba ya kigingi. Nilipima kwenye ramani. Palikuwa hatua tisini kutoka pale nilipoonyesha, ndani ya uzio, na kwenye ramani mpya palikuwa pameandikwa barabara. Nikaiomba ofisi ruhusa ya kuingia, nikakataliwa. Tayari walikuwa wanamwaga zege.

Nikaenda Quitunda nimekwisha kuamua kumwambia. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Mama alinipokea kwa wali wa nazi na samaki, akanitazama nikila, na kabla sijanawa mkono akasema:

"Nilikuwa na kinyongo na wewe kwa ule mti. Miaka yote. Sasa nimekusamehe, maana ulimtafuta mwenyewe ukampata."

Nikanawa mkono, nikamsifia wali. Nilijiambia ninanyamaza kwa ajili yake, na kwa sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa nimeusubiri msamaha ule bila kujua kwamba ninausubiri, na sikuwa na nguvu ya kuurudisha.

Homa ilimchukua mvua za mwaka uliofuata. Aliugua siku tisa. Akili zake zilikuwa timamu mpaka mwisho, na wosia wake ulikuwa mmoja. Wazikwao kwetu hulazwa ubavu wa kulia, uso umeelekea Kibla, na Kibla yetu ni kaskazini. Akataka kaburi lake lichimbwe kusini ya lile dogo, karibu karibu, ili akilazwa awe anamtazama binti yake. Alinishika mkono akanitaka niape. Nikaapa.

Nilishuka kaburini mimi na binamu zangu wawili. Alikuwa mwepesi sana. Tulimwingiza katika mwanandani, nikamfungua sanda usoni, shavu lake likagusa mchanga. Nikamsogeza kwa mikono yangu mpaka uso ukaelekea Kibla, na huko Kibla, umbali wa mkono, ulikuwapo ule mchanga niliouchagua mimi. Nilikaa pale nimemshika kichwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Shehe akaniuliza kutoka juu kama nimemlaza sawa. Nikajibu kwamba amelala sawa.