Swali Nililomuuliza Mkwe

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha ultrasaundi, Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu ya Karagwe, alinikabidhi chupa ya jeli na kitambaa cha kufutia, akasema, "Kabla hujampaka mtu jeli hii, muulize anaumwa nini. Mwenyewe, Salimu, siyo aliyemleta." Nikaitikia. Nilidhani ananifundisha adabu tu.

Ultrasaundi, kwa ninyi mnaoanza kazi hii, ni mashine inayopiga picha ya ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Inaonyesha uvimbe ulipo, na kama ni wa maji au wa nyama. Mengine yote ni kazi ya mdomo wako, na wangu ulikuwa na kasoro. Mimi ni mtoto wa wenye duka wa Kayanga, babu zangu walitoka pwani, na Kinyambo changu, lugha ya wenyeji, kiliishia kwenye salamu. Bibi asiyejua Kiswahili nilimhoji kupitia yeyote aliyekuja naye.

Nilifanya hivyo miaka mingi, Kyerwa kwanza, kisha nikarudishwa Karagwe. Ndipo alipokuja Mama Kokugonza wa Nyakasimbi, mtu mzima mwenye wajukuu, tumbo limejaa upande mmoja. Aliletwa na mkwewe, mume wa bintiye, kwa pikipiki.

Kwenye kioo niliona uvimbe wa ovari, sehemu maji, sehemu nyama. Niliona pia utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ni mnene, jambo lisiloendana na umri wake. Nikamwambia mkwe, "Muulize mama kama bado anaona siku zake."

Akatazama sakafu. Mkwe hamuulizi mama mkwe jambo kama hilo, hata kwetu pwani. "Alishakoma zamani, daktari," akajibu, bila hata kumgeukia mama. Nilijua hakuuliza. Nesi Adela, Mnyambo, alikuwa chumba cha pili akichoma sindano. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona uvivu kumwita. Nikaandika: uvimbe wa maji. Nyama na utando sikuvitaja.

Daktari wa upasuaji aliamini karatasi yangu. Akautoboa ili autoe kwa mkato mdogo, maji yake yakamwagika tumboni. Kipande kilipopimwa hospitali kubwa, majibu yakaja: saratani ya ovari ya nadra, ile inayotengeneza homoni za kike hata kwa mama aliyekoma hedhi, zikanenepesha utando na kuleta damu. Ingeshukiwa kabla ya kisu, uvimbe ungetolewa mzima, saratani isisambae tumboni.

"Salimu, mama huyu alikuwa anatoka damu?" daktari akaniuliza. Ndipo nikamwita Adela. Adela akaenda wodini, akarudi na maneno ya mama: "Natoka damu tangu mavuno ya kahawa. Ningesemaje mbele ya mkwe?"

Miaka michache baadaye saratani ilirudi, ikamchukua. Baada ya mazishi mkwe alinifuata. "Mzee, siku ile ya kwanza isingeonekana?" Nikamjibu kwamba mashine yetu ilikuwa duni. Akanishukuru.

Sasa nimestaafu, na bado kila msimu ananiletea mkungu wa ndizi hapa nyumbani. "Shikamoo, mzee," anasema, nami naitikia marahaba. Ndizi zake nazila kwa aibu.

Nimeshindwa kumwambia uso kwa uso, basi naandika. Mkwe wa Mama Kokugonza, mashine ilikuwa nzima. Wewe ulimsitiri mama mkwe wako kama ulivyolelewa. Mimi nilikuwa na nesi mlango wa pili, nikaona uvivu kumwita.