Nilivyojitangazia Kifo

Aibu hii haina pa kufichwa, afadhali niiseme mwenyewe. Wauzaji wa kwenye simu walikuwa wamenichosha. Kila siku namba mpya: mara bima, mara nyimbo za kuweka kwenye simu. Jumanne, nikiwa kwangu Kilole, ikaingia namba nyingine ngeni, na sauti laini ya mwanamke: "Samahani, naongea na Bakari?"

"Bakari amefariki leo alfajiri," nikajibu kwa huzuni ya kuigiza. "Msimsumbue tena." Nikakata, nikaifungia namba ile, nikacheka peke yangu kama zuzu.

Alasiri nikasikia kilio barabarani. Alikuwa mama yangu, katoka Kerenge, ameshikiliwa na jirani yake, Mama Zaina. Nyuma yao alikuja mjomba na sanda kwapani. Nilipotokeza mlangoni, mama alikaa mavumbini.

"Shikamoo, mjomba," ndilo neno pekee lililonitoka.

Hakuitikia. "Simu ya mama yako imeharibika, Mama Zaina akakupigia kwa yake. Nani alipokea?"

Mama akanijibia palepale chini: "Ni yeye. Simu ilikuwa kwenye spika. Niliisikia sauti ya mwanangu, nikadhani uchungu umenitia wazimu."