Mafuta Mapya ya Breki

Miaka ile bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa, jirani yetu wa Magomeni ya hukohuko Mtwara, dereva wa lori, alibadilisha mafuta ya breki mwenyewe uani kwake. Alilala chini ya gari akiwa na spana, na mkewe Somoe alikaa kwenye usukani. “Kanyaga,” dereva alikuwa akimwambia, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. “Shikilia. Haya, achia.” Mafuta machafu yalipita kwenye mpira mwembamba hadi chupani, yakichanganyika na viputo vya hewa, naye alivitazama bila kupepesa mpaka viishe. Kisha alifuta mikono, kidole kwa kidole, akahamia gurudumu jingine.

Siku moja tuliokuwa tukienda mazishini Mikindani kwa lori lake tulimkuta katikati ya kazi hiyo. Mzee Chande, aliyefiwa na dada yake, alishindwa kuvumilia. “Dereva, maiti haingoji.”

“Najua, mzee. Sitaki tumfuate.”

Hatimaye Somoe akasema pedali imekuwa ngumu. Dereva alimwomba ashuke, akaliondoa lori peke yake kwenda kulijaribu kwenye mteremko. Somoe alisimama palepale, ameuma upindo wa kanga, hadi muungurumo uliporudi. “Karibu mbele, mzee,” dereva akasema. Kwenye mteremko mrefu wa kushukia Mikindani Mzee Chande alifumba macho. Lori likapunguza mwendo taratibu, kama punda aliyezoea njia. Tulimkuta dada yake bado hajatolewa ndani.