Mpira wa Bomba la Pamba

Kwetu Usukumani mama mkwe huli naye, humpi mkono, hata kumtazama usoni ni kwa kuibia. Sasa mweke mtu wa hivyo ndani ya gari dogo na mama mkwe wake, vioo vimefungwa vyote, kutoka Sola mpaka Bariadi. Mimi nilikaa hivyo, mvua zilizopita. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo naieleza kama inavyonijia.

Bibi huyo ana presha. Siku yake ya kliniki ilifika, mke wangu akasema mayu, yaani mama yake, hawezi tena pikipiki. Nikasema gari lipo, nimeshalitengeneza. Hapo ndipo nilipojifunga.

Gari lenyewe la zamani. Vioo vya umeme vilikufa vikiwa juu. Halafu lina mambo yake: injini inanyonya hewa kupitia vipira vyembamba, na huo mvuto ndio unaofunga koki ya maji ya moto yaendayo kwenye hita. Kipira kimoja kilipasuka. Fundi akasema kiagizwe Mwanza. Mimi nikatazama bomba langu la kupulizia dawa pamba, limetundikwa ukutani, nikakata kipande cha mpira wake. Kikaingia sawasawa! Nikajisifu kwa majirani wote, hata wasioniuliza.

Tulitoka vizuri. Injini ilipochemka, joto likaanza miguuni, likapanda. Nje mvua. Nikizima feni, kioo cha mbele kinapiga ukungu, sioni barabara. Nikiiwasha, tunapikwa. Koti siwezi kuvua, nyuma yuko mkwe. Naye kajitanda khanga mbili, hazivui, mbele yuko mkwe.

"Mwambie mumeo," akamwambia mke wangu, maana sisi wawili hatusemeshani moja kwa moja, "kama anakausha viazi vya michembe, aseme."

"Mwambie ni hali ya hewa tu," nikajibu.

"Hali ya hewa gani, nje mvua!" mke wangu akasema, akanigeukia. "Mzee, mama anahema."

Kweli alikuwa anahema, pumzi fupi fupi. Nikaogopa. Nikasimamisha gari, mke wangu akamfungulia mlango. Nikainua boneti, injini ikinguruma, nikabana kipira kimoja kimoja nikisikiliza. Hakuna kinachovuja. Nikafika kwenye kile changu: kimelala bapa kama mkanda wa suruali, mvuto haufiki kwenye koki, nayo iko wazi. Nikabaki pale nalowa. Kusema kulinishinda, kunyamaza nako, bibi wa watu angezimia.

"Mwambie mama," nikasema huku nimeinamia injini, "nimeweka mpira wa bomba la pamba."

Halafu sauti ikatoka garini: "Bomba si linasukuma? Na hiyo injini si inanyonya? Mpira laini ukiunyonya, tena kwenye joto, si unanywea! Mwulize, miaka yote hii analima pamba gani?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango.

Nikafunga koki kwa mkono, nikaikaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tukaondoka. Punde hewa ya mvua ikaanza kuingia kupitia feni, baridi kabisa. Nyuma pumzi zikatulia, nikasikia khanga moja inavuliwa. Haraka nikageuza kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia paa. Nikaendesha hivyo hadi kliniki, koti bichi, vifungo vyote, shingo haigeuki, nikiomba tu lisije gari la kutaka kunipita.