Wifi Aliwalisha Watu Mayonezi Iliyochacha, Mume Wangu Anataka Lawama Nibebe Mimi

Admin, jina langu naomba lifie kwako. Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina ndoa ya kanisani na watoto wawili, naishi Mbinga mjini. Kwetu ni Mpepai, wazazi wangu wanalima kahawa. Wakwe zangu ni Wanyasa wa Mbaha, kule ziwani. Naandika kwa hasira, mkikuta nimekosea herufi mnivumilie.

Mimi nauza baga. Nyama kila mtu anajua kukaanga, kinachowaleta watu kwangu ni sosi, maana natengeneza mwenyewe. Ya nyanya naichemsha na vitunguu na siki mpaka iwe nzito, ya pilipili naisaga na embe, na mayonezi napiga kwa mayai mabichi, mafuta na ndimu. Nilijifunza jikoni kwenye hoteli Songea kabla sijaolewa. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliponiomba nimfundishe ili afungue kibanda Mbamba Bay, nilimfundisha zote bila kinyongo. Nikamwambia, "Wifi, mayonezi ni ya siku hiyohiyo na ikae kwenye friji. Huko kwenu kuna joto, ikilala nje mwaga." Akaniambia amenielewa.

Juzijuzi mtoto wa ukweni alipata komunyo ya kwanza. Tukapangiwa baga za watoto. Mimi nilete sosi ya nyanya na ya pilipili, Wifi atengeneze mayonezi. Mume wangu alitangulia Jumamosi, akamwona kwa macho yake akiipiga. Mimi nilifika Jumapili baada ya misa. Nikafunua ndoo, harufu ikanipiga. Ilikuwa imelala nje usiku kucha!

"Wifi, hii imechacha. Tumwage."

"Wifi jamani, usinitie aibu. Wakwe zangu watarajiwa wako pale."

Nikamsihi, akaitikia, akaondoka na ndoo. Nikajua ameenda kumwaga, nikarudi kwenye nyama yangu. Kumbe aliipeleka upande wa pili akaipaka kwenye baga zote.

Jioni ile ile watoto walianza kutapika. Mama mkwe alizidiwa mpaka akatundikiwa dripu zahanati. Watu walipouliza sosi katengeneza nani, Wifi akajibu bila kupepesa macho, "Sosi zote zimetoka Mbinga." Shangazi mmoja akadakia, "Hawa wa milimani wanajifanya wapishi, wametulisha sumu!" Nikamgeukia mume wangu aseme alichokiona. Akainama kama anatafuta kitu chini!

Mama mkwe alipopata nafuu kikaitwa kikao cha ukoo. Njiani mume wangu akaniambia, "Mama D, wewe umeshaolewa, huna cha kupoteza. Yule mchumba wake akijua atamkimbia. Beba tu, yaishe." Nikamwambia sibebi. Tulipofika, kabla sijafungua mdomo, akasimama yeye. "Mke wangu alikosea, nawaombeni radhi kwa niaba yake." Wifi akaitikia, "Tumemsamehe." Amenisamehe! Yeye! Nilichukua kanga yangu nikatoka, nikapanda gari la kwanza kurudi Mbinga.

Habari imepanda mlima kabla yangu. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka yote, amesimama mbele yangu akasema kwa upole, "Mama D, leo nipe isiyo na sosi." Afadhali angenitukana.

Sasa jana mchumba wa Wifi alinipigia simu. Kijana mstaarabu, sina ugomvi naye. Akasema, "Dada, nakuuliza wewe kwa sababu wengine wananizungusha. Ile mayonezi aliitengeneza nani?" Nikamwambia nipo na wateja, nitampigia. Mume wangu alisikia. Akasema, "Ukimwambia, fungasha urudi Mpepai."

Nikinyamaza, maisha yangu yote nitajulikana kuwa ndiye niliyemlaza mama mkwe kitandani. Nikisema, navunja uchumba wa watu na pengine ndoa yangu. Msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa na watu ambao hawakuguswa na lolote. Kijana anasubiri simu yangu, na simu ninayo mkononi. Ndugu zangu, nimjibu nini?