Herufi Tatu za Sindano

Mtaani wanamwita Sindano, na si kwa sababu anashona. Mafundi cherehani wako wanne mtaa ule, na wenzake wote wana majina ya heshima. Yeye aliitwa hivyo kwa ajili ya ulimi. Ukimpelekea suruali ukadai kiuno chako ni inchi thelathini na mbili, atazungusha futi kamba, ataisoma, na kwa ile sauti yake nyembamba atasema "thelathini na nane" mbele ya wateja wote, bila kucheka, kisha ataandika. Watu wanarudi kwa sababu suruali zinawatosha.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na moja. Mchana anashona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba anayokaa na kaka yake. Ikifika saa kumi na moja jioni anafunika cherehani, anahamia chumba cha nyuma, anavuta kiti mbele ya redio na kuanza kugonga. Si redio ya nyimbo na matangazo. Ni redio ya ridhaa, ya watu wenye leseni na waya juu ya paa, wanaozungumza wao kwa wao kutoka nchi hadi nchi kwa milio miwili tu: mfupi, ambao ni nukta, na mrefu, ambao ni mstari. Majirani wakimuuliza mnaongea nini huko, anajibu, "Hali ya hewa." Na hasemi uongo. Kwa miaka tisa ameulizana hali ya hewa na watu wa nchi thelathini na moja.

Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayemjua. Kila mtu wa redio ana alama yake ya mwito, yaani herufi na tarakimu anazojitambulisha nazo, na mwanzo wa alama ni wa nchi, haugusiki. Mtu ni zile herufi tatu za mwisho. Herufi za nyumba ile zilikuwa MOK, na MOK alikuwa kaka yake. Sindano alikuwa akigonga chini ya leseni ya kaka. Kadi za kuthibitisha mazungumzo zilifika kwa posta kutoka kila upande wa dunia, mia mbili na kitu, na zote zilianza, "Bwana MOK mpendwa."

Huyo Bwana MOK ana miaka sabini. Alipokea na kutuma salamu za redio kwenye meli za mizigo kwa miaka ishirini na sita, basi mtaani wakamwita Nahodha. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha kwamba hajawahi kushika usukani. Mwaka wa pili akaacha kuwasahihisha. Mwaka wa tatu akanunua kofia.

Siku Sindano alipofaulu mtihani wa leseni, hakumwambia mtu mpaka alipomaliza kupiga pasi mapazia ya mteja. Kisha akavaa viatu vya kutokea, akaenda ofisi ya leseni kuchukua fomu ya alama.

Karani alikuwa kijana mwenye mihuri mitano na mezani hana nafasi ya kiwiko. Alimweleza kwamba fomu ina mistari mitatu, chaguo la kwanza hadi la tatu. Herufi zikiwa hazina mwenyewe, unapewa.

"Fomu isiporudi ndani ya siku thelathini, mama, unapewa yoyote inayofuata kwenye orodha."

"Na inayofuata ni ipi?"

Karani akaangalia. "XQY."

"Toba," Sindano akasema, akachukua kalamu.

Kwenye mstari wa kwanza aliandika HSI. Chaguo la pili na la tatu aliokota tu ili karani asinune. Karani akauliza HSI ni kifupi cha nini. Sindano akasema si kifupi cha kitu.

"Sababu lazima iwepo, mama. Pana nafasi ya sababu. Wengi huandika majina yao. Juzi mmoja ameandika la ng'ombe wake, akapewa."

Sindano akafikiri. H ni nukta nne, S ni tatu, I ni mbili. Akaandika: *Inalia kama cherehani ikisimama mwisho wa mshono.* Karani akaisoma mara mbili, akapima nafasi kwa kidole, akasema imeenea.

Kilichobaki ni sahihi ya mdhamini, mtu mwenye leseni ya miaka kumi au zaidi. Mji mzima walikuwa wawili. Mmoja alikuwa daktari wa meno aliyeacha kusalimiana na Nahodha tangu walipogombania mlingoti wa waya wa redio, na akajiapiza kwamba hatatia sahihi karatasi yoyote ya nyumba ile. Mwingine alikuwa Nahodha.

Nahodha aliisoma fomu akiwa amesimama, kama mtu anayesoma hukumu.

"HSI," akasema. "Wewe mtoto, una akili?"

"Ninazo. Nimefaulu."

"Nukta tupu! Nukta tisa! Radi moja tu ikikohoa huko juu, tatu zimemezwa. Chukua MOG. Mistari saba, nukta moja. Inasimama imara. Tena wakisikia MOG watajua ni ukoo wa MOK."

"Ndiyo maana siitaki, kaka."

Nahodha akamtazama, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema yeye hawezi kudhamini alama isiyojaribiwa. Melini palikuwa na utaratibu. Alama mpya, kabla haijaandikwa popote, ilipitishwa kwenye kelele: mmoja anagonga, mwingine anasikiliza chumba kingine, redio ya tatu inakoroma katikati yao. Msikilizaji akiiandika sawasawa, imefaulu. Asipoiandika, inatupwa, hata kama ni ya mtoto wa mwenye meli.

"Sawa," Sindano akasema. Utaratibu wa kazi aliuheshimu. Hata yeye hakati kitambaa bila kupima.

Waya wa kutosha ulichukua karibu wiki tatu kupatikana, wakautandaza kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma, ukipita chini ya mlango. Upande wa mbele waliweka kijisanduku cha mazoezi, kinacholia *pii* ukikigonga. Upande wa nyuma alikaa Nahodha na hedifoni zake masikioni, penseli, na karatasi. Redio mbovu ya jikoni ikawekwa katikati, ikakoroma.

Siku ya kwanza Sindano aligonga HSI mara tano, polepole, kama anayeshona kola. Nahodha akatoka na karatasi. Ilikuwa imeandikwa: *Kelele.*

Siku ya pili akaigonga tena, kwa nguvu zaidi. *Kelele tupu.*

Siku ya tatu akagonga chaguo lake la pili. *Sikupata kitu.*

Siku ya nne akasema kwa uchungu, akipaza sauti ili asikike mlango wa pili, "Haya, leo nagonga hiyo MOG yako!" Akaigonga. Nahodha akatoka akitabasamu. *MOG. Safi. Hata mtoto angeisikia.*

Siku za kurudisha fomu zilikuwa zimebaki sita. Mteja wake wa mapazia, mama mmoja mnene aliyemaliza shida za mtaa mzima isipokuwa zake, alisikiliza kisa chote huku akieleza vipimo vya madirisha yake.

"Shoga yangu, kesi ya ngedere umeipeleka kwa nyani. Unategemea nini?"

"Kaka yangu si mwongo."

"Sijasema mwongo. Nimesema nyani."

Usiku wa siku hiyo Sindano hakugusa redio, na kesho yake saa kumi na moja alisimama mlangoni akapaza sauti, "Kaka! Nagonga MOG tena, tuhakikishe!" Kisha akachomoa waya kwenye kijisanduku, akaushika mkononi, akakaa. Hakugonga. Alihesabu vifungo vya shati la mteja, vilikuwa saba, akavihesabu tena.

Nahodha akatoka. *MOG. Safi kuliko jana.*

Sindano akainua ncha ya waya mbele ya macho ya kaka yake.

Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, na yalikuwa makali. Yalikuwa na meli ndani yake, na kofia, na nyani. Lakini Nahodha alitazama ile ncha kwa muda mrefu, akaitazama karatasi yake, na akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

"Kwani hukugonga?"

Sindano akashusha waya. Anawafahamu watu wanaodanganya. Kila siku wanamdanganya kuhusu viuno vyao. Hii haikuwa sura hiyo.

Akakumbuka birika, lililopiga mluzi jikoni wiki iliyopita mpaka likakauka, na kaka akiwa amekaa pembeni yake anasoma. Akakumbuka kaka anavyomlaumu kila siku kwamba ananong'ona kama mwizi, wakati fundi wa baiskeli, mwenye sauti ya pipa, wanaelewana naye vizuri toka ng'ambo ya barabara. Akakumbuka jua, ambalo kwa watu wa redio ndilo linalosaidia mawimbi kufika mbali. Kwa miaka miwili sasa Nahodha alikuwa hashiki redio zaidi ya dakika kumi, akidai kwamba jua limechoka, mawimbi hayarudi, dunia imekufa huko juu. Sindano alikuwa akikaa baada yake na kuikuta dunia nzima inaongea, akadhani jua lina zamu.

Akazunguka nyuma ya mgongo wa kaka yake.

"Kaka," akasema kwa sauti yake ya kawaida, "nyumba inaungua."

Nahodha akaendelea kuitazama karatasi.

"Na kofia hiyo haikupendezi."

Shingo haikugeuka. Sindano akarudi mbele yake, akakaa. Akafanya anachofanya nguo inapokataa kumkaa mtu: akatafuta pa kulegeza. Nyuma ya kijisanduku cha mazoezi palikuwa na kitufe cha kupandisha na kushusha mlio, uwe mwembamba au mnene. Kwenye redio kubwa kilikuwepo pia, kimetiwa alama ya rangi nyekundu pale Nahodha alipokiweka miaka mingi iliyopita, kwa sababu mlio ule ndio uliokuwa wa melini. Hakuna aliyewahi kukigusa. Ungegusaje?

Akarudisha waya. Akamvalisha kaka hedifoni mwenyewe, kama anayemvalisha mtoto sweta. Akashusha kitufe kidogo na kugonga. Nahodha akatikisa kichwa. Akashusha tena. Akatikisa. Akashusha mpaka ile *pii* ya mbu ikawa sauti ya chura dume.

Penseli ya Nahodha ikajongea peke yake. Iliandika H. Ikaandika S. Ikaandika I. Mkono wa miaka ishirini na sita haukuuliza ruhusa ya mwenyewe.

Redio ya jikoni ilikuwa bado inakoroma.

"Tangu lini?" Sindano akauliza, sasa akipaza sauti na kuishusha iwe nzito.

"Nilidhani ni jua," Nahodha akasema.

"Na zile siku nyingine?"

"Niliandika nilichosikia. Sikusikia kitu, nikaandika kelele." Akakunja karatasi. "Hiyo yangu uliitangaza mlangoni. Ulipaza sauti, nikaelewa. Nikajiambia nimeisikia. Hata sikujua kwamba najiambia."

Sindano alijua kwamba angeweza kuishia hapo, achukue fomu, afute HSI na kuandika MOG, na mzee afurahi na masikio yake. Alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kutosha. Kisha akamsogezea fomu, na kidole akakiweka pale pa mdhamini.

"Imepita kwenye kelele," akasema. "Utaratibu ni wako."

"Nimeisikia," Nahodha akasema. "Ni alama mbaya."

"Najua."

"Radi itaila."

"Acha iile. Itakuwa imekula yangu."

Nahodha akatia sahihi. Aliandika pia cheo chake cha melini, ambacho fomu haikukiomba, na karani baadaye alilazimika kukipigia muhuri pembeni.

Barua ilifika siku ya kumi na tisa baada ya fomu kurudishwa. HSI haikuwa na mwenyewe, akapewa. Jioni ile Sindano aliweka redio ndogo ya akiba kwenye meza ya cherehani, katikati ya chaki na pini, akaunganisha waya wake mwenyewe uliopanda dirishani hadi paani. Chumba cha nyuma Nahodha aliketi mbele ya redio kubwa, kitufe kimeshushwa, alama ya rangi nyekundu imeachwa juu peke yake.

Sindano akagonga wito kwa wote, na mwisho wake HSI. Akazidisha nukta moja kwenye S. Akarudia.

Jibu la kwanza lilikuja kwa nguvu kiasi kwamba mshale wa kipimo uligonga ukingo. Lilikuwa la MOK. Lilimsalimu kwa utaratibu wote, likasema linafurahi kumfahamu, likampa maksi za mlio wake: tatu kati ya tano.

Sindano akavua hedifoni, akavuka korido na kufungua mlango.

"Tatu? Kaka, tunatenganishwa na ukuta!"

"Nimetoa nilichosikia. Melini hatukupendelea ndugu."

"Ungenipa hata nne!"

Nahodha akainua kidole, akainamisha kichwa upande, akabana hedifoni kwa viganja viwili. Uso wake ulitulia kabisa.

"Kuna mtu anakuita," akasema. "Yuko mbali. Amesema HSI mara mbili."

"Nani?"

"Simjui. Anakutaka wewe, si mimi. Funga mlango."